Mwiba Uliobaki Ndani ya Tairi

Mwanangu, kuna siku moja naikumbuka kuliko siku niliyooa, na ningependa iwe kinyume. Ni siku tuliyompakia dada yangu Skola kwenye toroli la baba, hapa hapa Murungu, tumpeleke zahanati akajifungue.

Upande wetu wa kilima toroli lilikuwa hilo moja tu. Kila mtu aliliazima, kwa maji, kwa matofali, kwa mihogo, hata kwa wagonjwa. Baba hakumnyima mtu. Desturi ilikuwa kulirudisha limeoshwa, unaliegemeza ukutani, unashukuru, unaondoka. Kurudisha kitu cha mtu pamoja na habari mbaya kulionekana ni kukosa adabu. Desturi hiyo naichukia mpaka leo.

Aliyelitumia mwisho alikuwa jirani yetu, Baba Zabroni, kubebea kuni. Alilirudisha safi kabisa, tairi limejaa upepo.

Kesho yake asubuhi uchungu ukamshika Skola. Tulitandika godoro, baba akashika mikono ya toroli, mimi nikavuta kamba kwa mbele. Skola alikuwa mtu wa utani hata akiumwa.

"Taratibu, wewe. Mimi si gunia la mihogo."

"Gunia lina nafuu, halisemi," nikamjibu.

Akacheka, kisha akauma kitenge chake.

Tulipofika kwenye mteremko wenye mawe, toroli likaanza kwenda upande. Tairi lilikuwa limelala. Baba akasema tusukume hivyo hivyo, na tukasukuma mpaka tairi likachomoka, chuma kikazama kwenye udongo. Tukamshusha. Nikakimbia kuwaita watu waliokuwa wanapalilia bondeni. Wakakata miti, wakafunga blanketi, tukambeba kwa machela.

Tulifika, lakini alikuwa ameshapoteza damu nyingi. Alifariki siku hiyo hiyo, yeye na mtoto. Muuguzi hakutulaumu. Alisema tu, kwa sauti ya chini, kwamba kama tungefika mapema kidogo angejaribu. Hilo neno "kidogo" nimeishi nalo maisha yangu yote.

Baada ya maziko baba alilifungua tairi, watu wa msiba bado wamekaa uani. Mpira wa ndani ulikuwa na kiraka kipya, kimebanduka upande mmoja, maana gundi haikuachwa ikauke. Pembeni ya kiraka palikuwa na tundu jingine. Baba akapitisha vidole ndani ya tairi, polepole, akasimama mahali pamoja, akachomoa mwiba. Kumbe uliotoboa mara ya kwanza ulikuwa bado umekaa pale pale.

Baba Zabroni alikuwepo. Siku zote za msiba alikuwa analeta kuni.

"Baba Zabroni, pancha hii uliipata wewe?"

"Niliipata, mzee. Nikaziba."

"Mbona hukuniambia?"

"Niliona aibu. Nilidhani hutaniazima tena."

Baba akamwekea ule mwiba kiganjani. "Ungesema, tungembeba Skola kwa machela tangu mlangoni. Toroli tusingeligusa."

Baba hakumshtaki popote, na toroli aliendelea kumwazima. Mimi sikujaliwa moyo wa baba. Miaka yote nilimwamkia Baba Zabroni "Mwidiwe" huku nikitazama miguu yake. Alipokufa nilishika jembe kama wengine, nikafukia, nikarudi nyumbani nikala. Sisemi nilifanya vizuri. Nakwambia ilivyokuwa.

Sasa sikiliza, mwanangu. Kabla ya kupakia, bonyeza tairi kwa dole gumba. Likibonyea, jaza upepo, maana tairi legevu hukatika upesi kwenye mawe. Usipite kwenye mabua yaliyokatwa kama njia nyingine ipo. Ukipata pancha, usikimbilie kiraka. Tafuta kwanza kilichotoboa. Pitisha kitambaa ndani ya tairi lote, kisha vidole, bila haraka. Sugua mpira, paka gundi, usubiri ikauke ndipo ubandike. Hayo fundi yeyote wa baiskeli atakufundisha.

Ila hili hatakufundisha fundi. Kitu cha mtu kikiharibika mikononi mwako, mwambie, hata kama umeshakitengeneza, hata kama atakufokea mbele ya watoto wako. Wewe hujui kesho atampakia nani. Toroli langu mimi silipokei likiwa limeegemezwa ukutani kimya kimya. Anayelirudisha namkalisha, namuuliza limepita wapi na limechomwa na nini. Wapo wanaoniona mzee msumbufu. Sawa.

Nenda, mwanangu. Mungu akupe mdomo wa kusema mapema, na kila utakayempakia akujalie umfikishe.