Kitabu cha Mfangano na Mama Mkwe wa Misikhu

Safari hii ilisababishwa na kifundo cha mguu cha mke wangu. Mara ya mwisho nilipomwongoza matembezini, huko juu ya Endebess, nilifuata ramani ya simu mpaka tukatokea kwenye zizi la ng'ombe wa watu, naye akateguka akiruka ua. Sasa anataka tuzunguke Mfangano kwa miguu, kile kisiwa cha mawe na miinuko ndani ya Ziwa Viktoria.

"Tafuta kitabu cha maana," Nekesa aliniambia. "Ukinipoteza tena, Baba Njeri, utakuwa ukitembea na mamako."

Mtauliza, si mama mkwe alifuata omena, wale dagaa wa ziwani, huko miaka yote, anakijua kisiwa kile chote? Kweli. Lakini kwa Wabukusu mwanamume na mama mkwe hawasogeleani, nami, Mkikuyu wa Kitale ambaye hakuna aliyenionya, siku ya mahari nilimkumbatia mbele ya wazee. Huu ni mwaka wa tisa hatujasemezana. Nikiingia bomani, yeye anaingia jikoni.

Saa nne asubuhi nilikuwa Bungoma. Muuza vitabu kando ya soko alinitolea viwili. Cha kwanza kilikuwa kinene, chenye picha za rangi, na kila njia ndani yake ilikuwa "rahisi na ya kupendeza".

"Chukua hii, bana. Mgeni akiiona kwa meza yako, ataogopa."

Cha pili kilikuwa chembamba, kimechakaa, na mwandishi alikiri kwamba alipotea mara mbili na kuanguka mara moja. Nilinunua hicho. Mtu wa namna hiyo tungeelewana.

Saa nane nilishuka Misikhu, kwa wakwe zangu, kumsalimu shemeji yangu Wafula. Mlango wa jikoni ukafungwa papo hapo, kama kawaida. Wafula akakifungua kitabu uani na kusoma kwa sauti: "Njia ya mashariki hufuata bonde..."

"Wafula!" Sauti ilitoka jikoni. "Ambia hiyo kitabu mvua ikinyesha hiyo bonde ni mto. Ipite huko juu!"

Tulitazamana. Nikatoa kalamu.

"Na uiambie msichana yangu ako na mguu mbaya. Isimpeleke kwa mawe ya kuteleza. Isijifanye kijana, ati."

Saa nzima kitabu kilikaripiwa, nami nikaandika kila neno pembeni mwa kurasa. Sijawahi kufurahia kugombezwa kiasi hicho. Miaka yote nilidhani ananichukia, kumbe alikuwa na mengi ya kuniambia na hakuwa na pa kuyapitishia. Kwa hiyo ukinunua kitabu cha njia, achana na picha. Angalia kama kina nafasi ya kuandika pembeni.

Jioni, Kitale, Nekesa alikifungua. Akasoma ukurasa mmoja, wa pili, kisha akaketi.

"Haya ni maneno ya mama. Ameongea na wewe?"

"Hapana," nikasema. "Ameongea na kitabu."

Aliinuka, akaenda kutafuta raba zake za kutembelea.