Majani ya Uchungu ya Mama Mkwe

Mama mkwe wangu hakuwa na ubaya na kazi yangu. Tatizo lake lilikuwa panya.

"Mukazana," aliniambia, maana ndivyo alivyomwita mke wa mwanawe, "ulisoma masomo yote ile juu ya kuua panya? Apa Buterere paka banaifanya bure."

Ilikuwa miaka ya kwanza ya uhuru, nami nilikuwa msaidizi katika maabara ya chuo, kule Mutanga. Kila jioni nilirudi na mikono myeusi kama muuza makaa, maana dawa tulizipima kwa masizi. Tulikuwa na pipa dogo lililozunguka polepole, limevikwa karatasi iliyofukizwa moshi wa taa. Kando yake, kipande cha mji wa mimba wa panya kilining'inia kwa uzi ndani ya maji ya chumvi yenye uvuguvugu. Kikijikunja, uzi uliivuta sindano, nayo sindano ikachora mstari mweupe kwenye masizi. Majirani walikataa katakata kwamba hiyo ni elimu.

Profesa wetu, Mzungu mwenye haraka, alikuwa akitafuta dawa za kienyeji za kujifungua. Na mama mkwe alikuwa mkunga aliyesifika tangu kwao Uvira. Majani yake ya uchungu yaliota nyuma ya jiko. Nilipomwomba, alikubali kwa sharti moja.

"Dawa yangu aiwezi kwenda pekee yake. Tutaenda yote mbili."

Alikuja na kitenge cha kanisani. Profesa akampa kiti, akadondosha maji ya majani yale kwenye chombo. Kwanza hakikutokea kitu, na mama mkwe akamtazama Profesa kwa huruma. Halafu sindano ikaruka. Ikaruka tena. Kile kipande cha nyama kikajikaza kama ngumi, kikabaki hivyo hivyo. Profesa akapiga makofi.

Mama mkwe hakupiga. "Mbona ailegei?" akaniuliza.

"Tumeweka nyingi, Mama."

"Nyingi namna gani?"

Nikamwonyesha: matone machache. Profesa akataka nimuulize yeye huwapa wanawake kiasi gani.

"Kikombe," akasema. Kisha, kwa sauti ndogo: "Kama mutu iko na nguvu, viwili."

Njiani nilimweleza kwamba dawa inywewayo si sawa na dawa iliyomwagiwa nyama tupu.

"We ulishaingia mu tumbo ya mutu?" akauliza, na elimu yangu ikaishia hapo.

Tangu siku hiyo mama mkwe alimwelekeza hospitali kila mwanamke aliyemjia. Mtaa haukuchelewa kutoa hukumu: chuo kimemwibia dawa, sasa anayo mkwewe. Basi wajawazito wakaanza kubisha hodi kwangu, mimi ambaye sikuwahi kuzalisha hata mbuzi.

Nami pia nilikuwa na mimba, nayo ikakua. Uchungu uliponianza, ukaja ukapotea, asubuhi nzima. Nilikuwa nimeona mistari mingi kwenye masizi, nami niliiamini dawa ile.

"Mama, nipe kidogo. Kijiko tu."

"Apana. Mi niliona na macho: ilikaza, aikulegea."

"Lakini Profesa anasema ni dawa nzuri sana."

"Basi Profesa azae yeye."

Akanipeleka hospitali akinishika kiuno. Muuguzi akanipima, akasema uchungu umelegea, akatundika chupa ya maji na kuchanganya dawa humo.

"Iyo inafanya nini?" mama mkwe akauliza.

"Inakaza tumbo, Mama. Ili mtoto ashuke."

Mama mkwe akanigeukia. Sijui nani kati yetu alikuwa na hofu zaidi. Akavuta kiti mpaka chini ya ile chupa, akaketi akiyahesabu matone kwa midomo.

"Polepole," akamwamuru muuguzi. "Tena polepole. Na we usiende mbali."

Muuguzi, binti aliyevaa kofia nyeupe ya chuo cha uuguzi, alitii kama mwanafunzi.

Mtoto alizaliwa mchana, wa kike, amekasirika. Mama mkwe akampokea, akamgeuza huku na huku, akatangaza kwamba anafanana kabisa na mwanawe, mume wangu, jambo ambalo halikuwa kweli hata kidogo, lakini sikuwa na nguvu za kubishana.