Dagaa wa Jirani

Kosa langu la kwanza lilikuwa kudhani kwamba kulisikiliza Neno la Mungu ni kulisoma bila kujikwaa. Nimelikumbuka juzi nilipopita ufukweni kwetu, karibu na Karema. Harufu ya dagaa juani ilinirudisha utotoni, mwanzoni mwa miaka ya hamsini.

Kigangoni kwetu, kanisa dogo la kijiji, padre alifika mara chache. Jumapili katekista ndiye aliyeongoza sala. Kusoma nilijifunza mwenyewe, kwa kuchungulia kitabu chake juu ya bega lake, na aliponipa Injili niisome mbele ya watu, sikupata usingizi. Asubuhi nikamsomea bibi, naye akifunga mchele wa sadaka kwenye kitambaa. Lilikuwa lile somo la mtu anayeleta sadaka, akakumbuka kuwa ndugu yake ana neno juu yake. Aiache, akapatane naye kwanza. Sikukosea hata herufi. Nikasubiri sifa.

Bibi aliacha fundo nusu. Akaniambia nirudie. Nikarudia, vizuri zaidi.

Ujue, rafiki yangu, kwetu siku zile wingu likitanda, aliye karibu alianua dagaa wa wote, hakuuliza ni wa nani. Wiki ile bibi alikuwa amemkasirikia jirani yetu, mama wa Kiislamu, kwa maneno waliyorushiana wakiteka maji. Mvua ilipokuja akaanua wake tu. Wa jirani wakaloa, wakaoza.

"Twende kwa jirani," akasema.

Nikalalamika kwamba nitachelewa kusoma. Akanijibu kwamba kusoma nimeshasoma, kumebaki kusikia.

Jirani alikuwa anafagia uwanja. Bibi hakuzungusha maneno. "Mwenzangu, dagaa wako niliwaona, nikawaacha. Nimekosa."

Ufagio uliendelea kidogo. "Nilikuona, nikiwa nimelala na homa," jirani akasema. "Nikajiambia, kumbe mikono ya mwenzangu siku hizi ina macho, inachagua dagaa."

Bibi ndiye aliyeanza kucheka. Ukaja uji wa moto, na uji wa aliyekusamehe haunywewi kwa haraka.

Tulipofika kigangoni, katekista alikuwa amekwisha kusoma mwenyewe. Nilitaka kulia. Lakini bibi akapita katikati ya watu na mchele wake, shingo ameinyoosha, nami nikaona fahari kuwa mjukuu wake. Fahari hiyo ninayo hadi leo.

Bibi na jirani hawapo tena, na pale mchangani sasa kila mtu huanua wake. Mimi bado naogopa kukosea neno. Ila siku hizi nikisoma, mara nyingi naishia katikati, nafunika kitabu, natafuta viatu vyangu.