Shingo Yangu na Ukuta wa Mama Tumaini

Naomba mnicheke taratibu, shingo bado inauma.

Mimi ni fundi ujenzi wa hapa Itaka, na kwa miaka mingi nimejigamba kwamba jicho langu halihitaji pima maji, kile kifaa chenye kipovu kinachoonyesha kama ukuta umenyooka. Juzijuzi nikaanguka na bodaboda nikitoka Galula, shingo ikateguka. Daktari akaniambia nipumzike.

"Ukiumia shingo, huenda hata sikio la ndani likavurugika. Na hilo ndilo linalokusaidia kusimama sawa."

Nilicheka. Shingo na sikio wapi na wapi?

Siku ya tatu nikarudi kazini, nyumbani kwa Mama Tumaini. Fundi mwenzangu, Nzunda, alikuwa amepandisha ukuta wa sebule. Nikautazama. Jamani, ukuta umelala!

"Nzunda, huu utaua watu!"

"Uko sawa, kaka. Nimeupima."

"Unanifundisha kazi?"

Nikanyakua nyundo, nikaangusha kozi tatu, yaani mistari mitatu ya tofali, kabla saruji haijakauka, mbele ya mwenye nyumba na majirani zake wote.

 Nzunda akaweka pima maji kwenye ukuta uliobaki. Kipovu kikatulia katikati kabisa.

Mama Tumaini akanitazama kuanzia miguuni hadi kichwani. "Hebu mpime na fundi mwenyewe."

Nzunda akanilazia pima maji mabegani. Nikajikaza, nikasimama kama askari wa gwaride.

Kipovu kikakimbilia pembeni, kikagoma kurudi.