Swali la Nesi Nililolimeza

Mwaka jana shirika moja la kutetea watoto liligundua kwamba mimi ni tatizo la kitaifa. Kabla ya hapo nilikuwa msichana wa kawaida wa Hallonbergen, huku kwa Waswidi, miaka kumi na sita, ninayekaa nyuma darasani na kumwomba Mungu mwalimu asinione.

Tatizo lenyewe: namtafsiria mama. Nilianza nikiwa na miaka minane. Barua za shule, daktari wa meno, fundi wa jokofu. Mama yangu ni Mrundi aliyekulia kambini Kigoma, Kiswahili alikipata kwenye foleni ya maji. Kiswidi chake kinamtosha kazini, kwa sababu anasafisha ofisi za mainjinia pale Kista na mainjinia hawaongei. Kwa daktari hakimtoshi.

Sasa, nchi hii ina wakalimani wa bure hospitalini. Lazima niliseme hilo, maana watu hupenda kunihurumia kabla hawajauliza. Unaomba, analetwa, basi. Shida ni kwamba sisi wa Kiswahili mji huu tunajuana mpaka viatu. Mara ya kwanza mama alipoombewa mkalimani, mlango ulifunguliwa akaingia mama mmoja wa kwaya yetu. Sauti ya kwanza. Jumapili husimama na mama bega kwa bega. Mama alikuwa amekuja kwa ajili ya tumbo la chini. Akasema ana mafua. Daktari akamwambia apumzike, anywe maji mengi, na tukarudi nyumbani na tumbo letu.

"Lakini ameapa kutunza siri," nilimwambia mama njiani.

"Ameapa, sawa. Na mumewe ameapa? Na kwaya nzima imeapa?"

Tangu siku ile hata kwa daktari mkalimani ni mimi. Sihitaji kuapa, mama ndiye aliyenizaa.

Kazi niliifanya vizuri, isipokuwa mara moja. Nilikuwa darasa la saba, mdogo wetu wa mwisho ana miezi miwili. Majira yale ya baridi mama alikuwa akikaa jikoni amevaa koti, kana kwamba anasubiri basi. Tulimpeleka mtoto kliniki, na nesi akatoa karatasi ya maswali ambayo huulizwa kila mama aliyejifungua. Akaniangalia, akaangalia saa, akaanza. Unacheka kama zamani? Unapata usingizi? Nikatafsiri yote kama redio. Swali la mwisho lilikuwa hili: umewahi kuwaza kujidhuru?

Jamani. Kwetu mtoto hamuulizi mama yake hata ana miaka mingapi. Nikasema, "Anauliza kama bado unaumwa mgongo."

Mama akafikiri kidogo. "Siku nyingine," akasema.

Nikamgeukia nesi. "Anasema hapana. Kamwe."

Nesi akaweka alama kwenye karatasi, akatusifu kwa uzito wa mtoto. Hivyo ndivyo nilivyosimamia afya ya akili ya familia yangu nikiwa na miaka kumi na tatu. Kwa miaka mitatu nilikuwa nikirudi kutoka shule nasikiliza kwanza mlangoni kama kuna sufuria inayolia jikoni. Ikilia, mama bado yupo, navua viatu.

Halafu likaja shirika. Mama mmoja wa shirika hilo, mwenye miwani myekundu, aliletwa na mshauri wa shule kuongea na vijana wanaotafsiria wazazi wao. Nilipanga kumpa dakika tano za "ndiyo" na "sijui". Lakini Waswidi wana silaha moja mbaya sana: wanajua kunyamaza. Alininyamazia mpaka nikamwambia habari ya nesi. Hakuna mtu mwingine niliyekuwa nimemwambia. Akaiandika, akauliza kama wanaweza kuitumia bila jina. Mimi kukataa mbele ya mtu mzima sijui, nikatikisa kichwa kwa namna inayofaa kwa majibu yote mawili.

Shirika lilitaka sheria moja tu: mtoto asitumike tena kutafsiri mambo ya matibabu, kwa sababu yoyote ile. Ili kuipata, waliwaalika wabunge wachache kwenye mazungumzo ya asubuhi katika ukumbi wa kukodi, na sandwichi za jibini. Inasemekana hivyo ndivyo sheria zinavyopikwa hapa, kwa jibini. Mimi nilitakiwa kuwepo tu. Mama alialikwa kama sauti ya wazazi, na mkalimani wa kweli angekuwepo.

Mama alikubali upesi. Aliamka saa kumi kukaanga maandazi, kwa kuwa huwezi kwenda kwa wakubwa mikono mitupu. Ukumbini akayatoa mfukoni akayapanga kwenye bakuli katikati ya meza. Mbunge mmoja aliuliza kwa adabu kama hiyo ni zawadi, kwa sababu zawadi inabidi aitaje mahali fulani. Nikamwambia ni unga. Akalitazama andazi kama linavyotazamwa begi lililoachwa stesheni.

Ndipo mlango ukafunguliwa na akaingia mkalimani wa kweli. Mnamjua. Sauti ya kwanza.

"Bwana asifiwe, dada yangu!" mama akasema, wakakumbatiana kulia, kushoto, kulia. Kisha akaniinamia sikioni. "Huyu, hapana. Vuta kiti. Utasema wewe."

"Mama, si leo. Leo ndiyo siku ambayo mimi siruhusiwi."

"Nani amekukataza?"

Nilimweleza mama wa miwani. Akawa mwekundu kama miwani yake, lakini wabunge walikuwa wamekaa tayari na mmoja alikuwa na mkutano mwingine. Basi nikavuta kiti. Nyuma yangu ukutani kulikuwa na bango kubwa: MTOTO SI MKALIMANI. Chini ya bango hilo nikatafsiri. Sauti ya kwanza alipewa kiti pembeni na sandwichi.

Mambo yalikwenda vizuri kwa dakika kumi. Halafu mbunge mmoja, mwanamke mpole, akafungua karatasi za shirika, zisizo na jina langu, ila mtoto ukumbini nilikuwa peke yangu, na kumtazama mama kwa huruma.

"Binti yako ameeleza kwamba kuna swali la nesi ambalo hakukutafsiria, mlipokwenda na mtoto mchanga. Ulijisikiaje ulipojua?"

Mama akanigeukia, anasubiri.

Nilikuwa na uongo mzuri tayari, wa mgongo, ule ule. Lakini kule pembeni kulikuwa na mtu mmoja anayejua lugha zote mbili, na sandwichi yake ilikuwa imesimama katikati ya njia ya kwenda mdomoni. Kwa mara ya kwanza katika kazi yangu nilikuwa na mkaguzi.

"Mama," nikasema, "anasema kuna swali la nesi ambalo sikukuuliza. Ulipomzaa mdogo wetu. Anauliza ulijisikiaje ulipojua."

Mama akaninyoosha kola. Kisha akawageukia wabunge na uso wake wa wakubwa, ule anaouvaa kwa maafisa tangu kambini.

"Waambie tunaishukuru serikali. Waambie mtoto wangu ananitafsiria vizuri sana, hakuna shida yoyote. Na yale maandazi, yanapoa."

Nikatafsiri yote, pamoja na maandazi. Mama wa miwani akafumba macho. Miezi minane ya kampeni, na shahidi wake mkuu ameshukuru serikali.

Kwenye treni ya kurudi mama alisubiri mpaka tukatoka katikati ya mji.

"Nesi aliuliza nini?"

Nikajibu kwa Kiswidi. Akanikata. "Kwa Kiswahili."

"Aliuliza kama umewahi kuwaza kujidhuru."

Treni ikasimama, watu wakashuka, wengine wakapanda.

"Na wewe ulimwambia nini?"

"Nilimwambia hapana."

"Ungeniuliza."

"Ungejibu nini?"

"Ningesema hapana," mama akasema. Akakunja ule mfuko mtupu wa maandazi mara mbili, mara nne. "Lakini ningejua kuna mtu anauliza."

Nikauchukua ule mfuko nikautia kwenye begi langu.

Tulipokaribia Hallonbergen akauliza, "Hawana mkalimani wa simu? Wa mji wa mbali. Asiyeimba."

"Wapo. Hata jina lako hawahitaji kulijua."

"Miaka yote hii hukuniambia?"

"Mama, nilikuambia. Ulisema simu ina masikio."

"Piga," akasema.

Wiki iliyofuata nilimsindikiza kituo cha afya. Nikasimama nimwongoze, kama kawaida. Nikasikia ndani sauti ya mwanamume kwenye spika ikisema "karibu, mama" kwa Kiswahili cha watu wa Goma, na mama akaufunga mlango nikiwa nje.

Nilikaa kwenye korido na gazeti la bustani. Nilisoma mambo mengi kuhusu waridi. Sauti ya mama nilikuwa naisikia, maneno siyasikii. Alikaa humo dakika arobaini. Barua ya shirika ya kunishukuru kwa "sauti ya mtoto" iliyofika juzi ilikuwa mfukoni mwangu, na mtoto hakuwa na la kufanya.

Alipotoka, macho yake yalikuwa mekundu na koti amelishika mkononi.

"Alisema nini?" nikauliza.

"Nani?" mama akasema. "Haya twende, una mtihani."