Seva ya Tadei na Kengele ya Saa Sita

Jua la Ifakara limeshapanda. Tadei, fundi kompyuta mzaliwa wa kijiji cha Mbingu, amepiga magoti nyuma ya seva, tochi mdomoni.

"Fundi, mgonjwa wako ameamka?" anauliza Sista Odilia, msimamizi wa hospitali hii ndogo ya misheni.

"Ameamka, Sista. Ila hasemi na mwenzake."

Seva ziko mbili. Ya ofisini ndiyo kubwa: hutambua jina na neno la siri la kila mtumishi, na kila faili jipya hulinakili kwenye ile ya famasi. Wiki hii radi iliiunguza. Tadei akaitengeneza, akarudisha kila kitu kutoka kwenye tepu ya akiba. Imewaka vizuri, lakini mafaili hayavuki.

"Ikishindikana leo, tunarudi kwenye makaratasi," anasema Sista, "na wewe unarudi kwenye mpunga, Mbingu."

Hatanii. Tangu baba yao afariki, kazi hii ndiyo inayowasomesha wadogo zake Tadei.

Amekagua nyaya, ruhusa, maneno ya siri. Vyote vizima.

Kengele ya kanisa inalia, saa sita mchana. Tadei anasimama, anasali Malaika wa Bwana. Akimaliza, macho yanatua kwenye kioo cha seva: sita kamili, sawasawa na kengele. Anaguna. Mara anatoka mbio hadi famasi. Ya huko inaonyesha kumi na mbili.

"Asubuhi yote niliziona zote sahihi, ile ya ofisini kwa Kiswahili, hii kwa Kizungu!" anamsimulia Venance, mhudumu wa famasi, akicheka. "Wakati wa kuirudisha ile, saa yake ilikuwa imepotea. Nikauliza, saa ngapi? Nikajibiwa, saa nne. Nikaandika nne. Kumbe mashine huanzia usiku wa manane. Nne yake ni alfajiri. Mmoja yuko kazini, mwenzake gizani. Saa zikipishana hivyo, seva hukataana. Watasikilizana wapi?"

Anarudi kwenye seva kubwa, anarekebisha saa, anawasha upya huduma ya kunakili. Punde Venance anapaza sauti dirishani: "Kaka Tadei! Yanamiminika kama kumbikumbi!"

Angeweza kuisingizia radi, na nani angebisha? Anamfuata Sista mwenyewe.

"Sista, kosa lilikuwa langu."

Sista anamtazama, kisha anatabasamu. "Basi ulipoteza saa, si akili. Mpunga utangoja."

Sasa Tadei anaomba kompyuta moja kuukuu, awafundishe vijana wa Mbingu baada ya misa. Somo la kwanza, anasema, litakuwa kusoma saa.