Kijiti cha Swichi Nyekundu

Kiwandani kwetu watu hawakuwa wakizima mashine kwa kidole. Waliizima kwa kijiti, kipande kikavu cha mlingoti wa mkonge kilichofungwa kamba na kuning'inizwa kando ya swichi nyekundu. Aliyekifunga pale ni jirani yangu wa mtaa wa Nguvumali, mlishaji wa majani kwenye korona, ile mashine inayoponda mkonge mpaka zibaki singa tupu, zile nyuzi nyeupe.

Aliyesababisha kijiti kile ni mimi. Mimi ndiye fundi umeme niliyefunga stata, vile visanduku vya kuwashia mota. Stata ina umeme wa aina mbili: mmoja wa kuzungusha mota, na mwingine wa kuamuru tu, washa, zima, na huo ndio unaopita kwenye swichi. Huu wa kuamuru unauchagua mwenyewe. Ningeweza kuweka volti ishirini na nne, ambazo hata mkono ukiwa umelowa hazikuui. Lakini ishirini na nne zinataka transfoma, na waya ukiwa mrefu zinafika zimechoka, kontakta, ile swichi ya ndani inayovutwa na umeme, inatetemeka badala ya kushika, inabidi uongeze na rilei ya kuisaidia. Niliona uvivu. Nikavuta mia mbili thelathini moja kwa moja kutoka kwenye laini, nikafunga paneli, nikaenda zangu kunywa chai.

Pale kwenye korona maji hayakauki, na utomvu wa mkonge unakula hata bati. Haukupita muda swichi ikaanza kung'ata.

"Mdogo wangu," jirani akaniambia, "swichi yako inang'ata."

"Ebo! Kaka, mwanamume mzima unaogopa kitufe?"

Watu wakacheka. Yeye naye akacheka, kisha akaenda kukata kijiti. Kila siku nilikiona kikining'inia pale, na kila siku nilipita. Nilikuwa na kichwa kigumu, tena napenda sifa.

Siku yenyewe ilikuwa asubuhi. Nilikuwa nakagua mota ya mkanda unaopeleka majani, nimesimama hatua moja tu kutoka kwenye swichi. Nikasikia ukelele. Sijawahi kusikia mtu mzima akilia vile. Kamba za mkanda, zile zinazobana majani, zilikuwa zimemnasa jirani yangu mkono wa shati, zinamvuta kwenye visu vya korona. Alirusha mateke, akaikumbatia nguzo kwa mkono wa pili, macho yote kwangu.

"Zima! Zima, mdogo wangu!"

Nikanyoosha mkono. Ukasimama hewani. Wallahi, ukasimama. Nilikuwa nimelowa mpaka viatu, na kuliko mtu yeyote mle ndani nilijua kilichoko nyuma ya kile kitufe. Nikatafuta kijiti. Kamba ipo, kijiti hakipo, kimedondoka. Nikainama kukipapasa chini, kwenye maji! Mshenzi mimi, mwenzangu anasagwa, nami nimeinama natafuta kijiti.

Sikukipata. Nilipobonyeza kwa kiganja, umeme ulinirusha nikaanguka chali. Mkanda ukasimama. Singa nyeupe zilikuwa zimegeuka nyekundu, na kutoka kiwiko kushuka chini hakukuwa na mkono.

Hospitalini mkewe alinizaba kofi, akaniongeza la pili, kisha akanishika ukosi na kunipigiza ukutani. Alikuwa ameshaambiwa yote. Watu wakataka kumzuia, nikawaambia wamwache. Mwiba wa kujidunga hauambiwi pole.

Kesho yake nilichukua nyundo nikaiponda ile swichi mpaka ikawa unga, nikazing'oa nyaya kwa mikono. Meneja akaja kuniuliza mashine itawaka lini. Nikamwambia aanze yeye kutia mkono wake mle ndani. Nikafunga transfoma, nikafunga rilei, nikaweka ishirini na nne.

Nilipomaliza, nikakuta wameshaning'iniza kijiti kipya. Nikawafokea, nikalowesha mkono na kubonyeza kitufe mara kumi mbele yao.

"Fundi ndiye aliyeinama," mmoja akasema, wala hakunong'ona. Wakaendelea na kijiti chao.

Jirani yangu alirudi baada ya miezi kadhaa, mkono wa shati umekunjwa na kubanwa pini.

"Shikamoo, kaka," nikamwamkia.

Alinipita akaenda kwenye swichi. Wakampa kijiti, akakisukuma kando kwa bega. Akatumbukiza mkono wake wa kushoto, ule uliobaki, kwenye ndoo ya maji, akautoa unachuruzika, akabonyeza. Mkanda ukasimama. Hakuuondoa mkono. Aliuacha pale pale juu ya kitufe, amekaza meno, anangoja kung'atwa. Hakung'atwa.

Ndipo akanigeukia.

"Kazi hii," akaniuliza, "ilikuchukua siku ngapi?"

"Nusu siku, kaka."